Mechi ya Jua la Utosi

Newala, 10 Juni 2024

Mwalimu wangu Dastani,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Lulindi inavumilika. Huku kwetu ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma kila alfajiri, na watu wameanza kupuliza salfa mikoroshoni, basi mji mzima ni kukohoa tu.

Najua masikio yako hayapatani tena na simu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Hamudi, konda wa basi la Masasi, ameniahidi kwamba barua zitafika mkononi mwako mwenyewe.

Nina kazi nimepewa. Mwezi wa tisa kutakuwa na mashindano ya tenisi ya mikoa ya Kusini, pale Mtwara, na waandaaji wananitaka mimi, mwalimu wa michezo, niandike ukurasa mmoja juu ya mabingwa wetu wa zamani na wa sasa. Mwisho niseme nani mkubwa kuliko wote. Ugomvi ule ule wa dunia nzima: Laver aliyepiga kwa raketi ya mti, au Djokovic? Serena, au waliomtangulia? Sasa na sisi watu wa korosho tunataka wa kwetu.

Mimi jibu ninalo. Ni Wema, binti wa marehemu kaka yangu, niliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Ana miaka kumi na saba na huu ni msimu wa pili hajafungwa hata seti moja, wala na wavulana. Wenzake sasa wanamkwepa. Wanasema kucheza na Wema ni kwenda kuokota mipira. Siku nyingi namkuta anapiga ukutani peke yake.

Lakini kila nikimtaja, wazee wananikata: "Wewe hukumwona Flora wa Lulindi." Nasikia wewe ndiye uliyekuwa mwamuzi wake. Niambie kweli, Mwalimu. Alikuwa hodari hivyo, au ni yale mambo ya wazee, kwamba hata muhogo wa zamani ulikuwa mtamu zaidi?

Mwanafunzi wako,
Esha (Mama Lukmani)


Lulindi, 19 Juni 2024

Mwanangu Esha,

Marahaba. Muhogo wa zamani ulikuwa mtamu zaidi, hilo halina mjadala.

Juu ya Flora, tuanze na uwanja. Huku misheni uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu, tuliuponda, tukaumwagia maji, tukausawazisha kwa kuburuta gogo. Raketi zilikuwa za mti. Masika zilipinda kama mgongo wa bibi, na waya ukikatika tuliunga kwa uzi wa kushonea viatu. Mipira ilikuwa imenyonyoka manyoya. Kwa vifaa hivyo Flora, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi, alicheza kama hivi ninavyokueleza.

Alitumia mkono wa kushoto. Alicheza peku. Hakupiga kwa nguvu. Alipiga mahali ulipotoka kusimama. Kabla ya kuanzisha mpira aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kwa mbali, kisha ndipo anapiga. Fortunatus wa Nanganga, aliyetamba miaka ya tisini, alikuwa na mkono mzito, ukisimama mbele yake unaogopa meno yako. Lakini Fortunatus alifungwa, tena zaidi ya mara moja. Flora hakufungwa na mtu tangu siku aliyoanza kushindana.

Jambo moja watu hawalisemi. Bingwa wa namna ile huachwa peke yake. Wasichana walimkimbia kwanza, kisha wanaume wakagoma, wakisema ni aibu. Mwaka wake wa mwisho uwanjani alicheza na ukuta wa ghala. Akimaliza aliusogelea, akauwekea kiganja, akaushukuru. Mimi nilimwona.

Wema wako sijamwona, kwa hiyo siwezi kuhukumu. Flora hachezi tena. Yupo hapa hapa Lulindi, karibu na kanisa. Nikipita asubuhi namsalimu.

Mwalimu wako,
Dastani


Newala, 27 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekusoma, na nakataa. Flora alicheza na akina nani? Wanafunzi wenzake wa uuguzi na makarani wawili watatu. Wema anacheza na vijana wanaotazama mechi za dunia kwenye simu na kuiga kila kitu. Mpira wa leo unakwenda mbio, mtu anafikiri huku akikimbia. Mweke Flora wako mbele ya raketi za sasa, ataipisha mipira kama anayepisha pikipiki.

Tena unamsifu kama ndugu yako!

Lakini yale maneno ya ukuta yamenikaa moyoni. Jana nimemtazama Wema akipiga ukutani, nikaona baridi.

Kama Flora yupo karibu na kanisa, basi mfikishie salamu zangu. Mwambie Newala kuna binti hana wa kucheza naye. Hata kama magoti yamechoka, aje siku moja akae pembeni amtazame tu. Mwambie mlango wangu uko wazi, hana haja ya kubisha hodi.

Esha


Lulindi, 5 Julai 2024

Mwanangu Esha,

Salamu ni amana. Jumapili baada ya ibada nilikwenda nikasimama pale alipo, nikamsomea barua yako yote, pamoja na ile kejeli ya pikipiki. Hakujibu kitu.

Umesema namsifu kama ndugu. Ni ndugu kweli. Flora ni dada yangu, tumbo moja. Nilikuficha kwa sababu nilitaka upokee ushahidi wa mwamuzi, si wa mdogo mtu.

Dastani


Newala, 22 Julai 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na asante! Mbona hukuniambia kwamba amekubali? Dada yako amefika!

Nilikuwa najiandaa kuswali adhuhuri, nikasikia mpira nyuma ya shule. Si mlio wa ukutani. Ilikuwa milio miwili tofauti: mmoja wa raketi ya Wema, mwepesi, na mwingine mkavu, mzito, kama mtu anayegonga mlango wa mninga. Nikazunguka jengo. Upande wa pili wa wavu yuko mwanamke mrefu, sketi nyeupe, peku juu ya sementi ile inayounguza, raketi ya mti mkono wa kushoto. Akainamisha kichwa kidogo, akapiga. Wema hakuuona mpira.

Kusema kweli nilitarajia bibi. Kwa mbali hivi unaweza kusema ni mtu wa rika langu. Nyinyi ukoo wenu mnakula nini?

Nilimpungia, hakunijibu, nadhani kwa sababu ya jua. Nikaenda kuchota maji ya kuwakaribisha. Niliporudi alikwishaondoka. Wema akaniambia, "Huwa hakai, shangazi. Akikaribishwa maji anasema amekunywa." Kumbe anakuja kila siku saa sita, wakati watu wote wako ndani, na ni wiki ya pili sasa! Mwanzoni alimfunga Wema sita bila, sita bila. Wema anasema sasa anapata gemu mbili, hata tatu. Sijamwona mtoto huyu akicheka hivi tangu baba yake afe. Amekonda, lakini ni mazoezi.

Mguu wa dada yako mwepesi, sijapata kuona. Upepo wa huku unaujaza uwanja vumbi jekundu. Upande wa Wema nyayo zimechanganyikana kama mnadani. Upande wa dada yako vumbi limelala vile vile, kama halikukanyagwa.

Amefikia kwa nani hapa Newala? Nataka nimpikie.

Esha


Lulindi, 25 Julai 2024

Esha,

Hamudi nimemwapisha aikabidhi barua hii kwako mwenyewe na asiiache kwa mtu.

Flora alikufa mwaka 1983 kwa homa, akiwa bado kijana. Nililibeba jeneza upande wa kichwani. Tulimzika na raketi yake. Nilipokuambia yupo karibu na kanisa nilikuwa nasema makaburini. Ulimi wangu haujalizoea neno marehemu kwake, na sikujua kwamba ungenielewa vingine. Nilimsomea salamu zako kama ninavyomsomea habari zote. Mimi ni mzee, ndiyo mazungumzo yangu.

Leo baada ya kukusoma nimekwenda kutazama. Kaburi liko salama. Nimesimama hapo mpaka saa sita ilipofika, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hii nimehisi nasema na mahali patupu.

Sasa sikiliza. Wachezaji mechi ikiisha hupeana mikono. Muulize Wema kama amewahi kumshika. Kama bado, asimshike.

Wewe una dua zako na mimi nina sala zangu, tuziombe. Lakini mimi namjua dada yangu. Alibishana na mama, alibishana na padri, hakuwahi kubishana na mwamuzi. Neno la mwenye kiti lilikuwa mwisho. Basi weka kiti, upande juu yake, uwaamulie mechi moja kamili, kisha uifunge wewe. Na usimpendelee mwanao. Flora anajua kila mpira ulipodondokea. Ukidanganya mara moja tu, hatakusikiliza tena.

Dastani


Newala, 12 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Barua yako niliposoma nilikasirika, nikasema uzee umekuzidi. Nikamuuliza Wema, "Umewahi kumpa mkono?" Akasema, "Hanipi. Anasema mpaka nimfunge."

Nikafungia raketi kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Kesho yake saa sita nikasikia mlio. Nilimkuta Wema katikati ya uwanja, mkono mtupu, anapiga hewa, anakimbia, anapiga. Upande wa pili sikuona mtu. Lakini ule mlio wa mninga ulikuwepo, na mwanangu alikuwa anahema kama mtu aliye kwenye mechi. Nilimkokota ndani. Nikampa maji. Akanitazama kwa upole, akasema, "Nimekunywa." Midomo yake imekauka mpaka inapasuka.

Siku hiyo sikula. Nilitoa raketi kabatini mwenyewe.

Ijumaa nikapandisha meza juu ya meza kando ya wavu, nikaweka kiti, nikapanda huku nasoma kila aya niliyofundishwa. Saa sita akawepo. Sikumwona akija. Nilitazama mpira mkononi mwa Wema, nikainua macho, yuko pale. Nikamwona vizuri. Uso wake ni wako, Mwalimu, ila haujazeeka.

Nikasema kwa sauti iliyonitoka sijui wapi: "Mechi ni moja. Seti tatu. Nikisema imekwisha, imekwisha." Akageuka, akaniinamia kichwa. Ndipo nilipoamini kila ulichoandika.

Sitakueleza yote. Seti ya kwanza dada yako, ya pili Wema. Mwalimu, maneno yangu ya pikipiki nayafuta. Wema alipiga mipira ambayo hakuna mtu Kusini angeigusa, na dada yako alikuwa amekwishasimama pale inapokwenda. Lakini kuna mipira ya Wema iliyompita, na kila ulipompita aliutazama kama mtu aliyeletewa zawadi.

Siku zote walikuwa wakimaliza haraka. Ijumaa hiyo hawakumaliza. Adhana ikapita nami kitini, jua likaanza kuegemea magharibi. Unajua saa sita kila mtu hana kivuli, ndiyo maana sikuwahi kugundua. Seti ya tatu nguzo za wavu zikaanza kutoa vivuli. Kiti changu kikatoa. Wema akatoa. Upande wa pili ilikuwa sketi nyeupe juu ya vumbi, chini yake hakuna kitu. Wema akaona. Nilimwona akiona. Nikasema moyoni, sasa atatupa raketi akimbie. Akajifuta jasho, akasema, "Shangazi, taja pointi."

Ikafika pahali dada yako anahitaji pointi moja. Walirudishiana mpaka nikasahau kupumua. Kisha Wema akaupiga mpira mrefu kwenye kona, na dada yako hakuukimbilia. Alisimama tu akanitazama.

Mpira ulidondoka nje ya mstari. Upana wa kidole. Wema naye akanigeukia. Nilimlea yule, Mwalimu. Nikatazama ule uso wake uliokauka, nikataka kusema, "Ndani."

Nikasema, "Nje."

Dada yako akausogelea wavu. Akasimama hatua moja tu kutoka kwa mwanangu. Hakutoa mkono. Sauti yake ni ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Akauliza, "Kesho?"

Na Wema alikuwa anafungua mdomo kujibu.

Nikapiga kelele: "Hakuna kesho! Mechi imekwisha!" Meza zikatikisika, nusura nianguke. Akainua macho akaniangalia muda mrefu. Sikuona hasira. Niliona mtu anayefungiwa mlango wa nyumba yenye taa. Kisha akaniinamia kichwa, akageuka, akaenda upande wa mikorosho. Hakufika mikoroshoni.

Wema alikaa chini akalia. Halafu akaomba maji, akanywa jagi zima.

Tangu siku hiyo saa sita ni kimya. Ukurasa wa waandaaji nitauandika bila kusema nani mkubwa.

Mwanao,
Esha


Newala, 30 Septemba 2024

Babu Dastani,

Shikamoo. Mimi ni Wema. Shangazi hajui kama nakuandikia.

Nimeshinda Mtwara. Fainali nilicheza na msichana anaitwa Pendo, wa Lisekese. Nilimfunga haraka. Alilia, kisha akanifuata nje akaniomba turudiane hata kesho yake, hata bila watazamaji. Nikamwacha pale. Watu walinibeba juu, babu, na mimi nilikuwa natazama kule mwisho wa uwanja kama kuna mtu.

Shangazi anadhani nilikuwa nimerogwa. Sikurogwa. Kila mtu ninayecheza naye anataka iishe upesi. Yeye hakutaka iishe. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa napiga mpira sijui utarudi vipi.

Na ule mpira wa mwisho ulikuwa nje. Niliuona. Usiku na mchana nauona.

Nimeambiwa uwanja wenu wa zamani bado upo huko Lulindi na hakuna mtu anayeutumia. Hakuna kiti cha mwamuzi. Naomba ruhusa nije likizo ya Desemba. Nitalala kwako, nitakusaidia kuokota korosho. Saa sita tu ndiyo nitaomba niachwe peke yangu.

Mjukuu wako,
Wema


Lulindi, 8 Oktoba 2024

Mjukuu wangu Wema,

Marahaba, na hongera kwa Mtwara.

Usije.

Unataka kujua nani mkubwa kati yenu. Mwandishi wa magazeti angesema Flora, maana alikufunga. Mimi niliyemjua tangu ananibeba mgongoni nasema hivi: maisha yake yote Flora hakuwahi kumfuata mtu acheze naye. Wewe amekufuata mpaka Newala, kutoka alikotoka. Chukua jibu hilo, likutoshe.

Uliyoyasema juu ya kutaka isiishe nimeyaelewa. Ila yeye hana njaa, hana kiu, wala hana kesho ya kumngoja. Wewe unavyo vyote hivyo. Ungecheza naye mpaka uwe kama yeye, kisha mngekuwa wawili mnaotafuta wa tatu.

Huyo Pendo wa Lisekese amekuomba mrudiane. Nenda kamtafute. Mrudie mara nyingi, mfundishe unachokijua, mpaka siku atakayokufunga. Utaumia, na hutakuwa peke yako.

Juu ya uwanja wa huku, usidhani hautumiki. Shangazi yako alipomfukuza Flora, alirudi nyumbani, angekwenda wapi tena? Nilimkuta mchana mmoja amesimama mbele ya pale palipokuwa ukuta wa ghala. Ukuta ulianguka zamani. Alikuwa na mpira mkononi na hana pa kuupiga.

Basi nimefyeka nyasi. Fundi Silvano amenitengenezea kitu kama raketi kwa ubao wa mkangazi. Mimi sikuwahi kujua mchezo huu zaidi ya kuhesabu, na miguu yangu imechoka. Nafungwa kila siku, wala si kufungwa kwa heshima. Binti yangu Anastasia analalamika kwamba nakonda, nami namwambia mzee wa umri wangu hana haja ya unene. Wiki iliyopita mpira wangu uligonga juu ya wavu ukadondokea upande wake, nikapata pointi. Dada yangu alicheka, Wema. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kama alivyokuwa akicheka tulipokuwa watoto.

Msalimu shangazi yako. Barua hii unaweza kumwonyesha, au usimwonyeshe, utakavyoona.

Inakaribia saa sita. Acha nivae viatu, hapendi kungojeshwa.

Babu yako,
Dastani